Kifuniko cha sitaha kinavuja: namna ya kuchagua gundi ya kukizibia

Boti nyingi za faiba zinazoelea Mtwapa, Kilifi, Tanga na Msasani zina kifuniko cha sitaha cha namna moja: fremu ya alumini iliyofungwa kwa skrubu juu ya sitaha, na ndani yake kioo cha akriliki, kile ambacho wengi tunakiita perspeksi. Kikianza kuvuja, mwenye boti huenda dukani na kuuliza gundi ipi ina nguvu kuliko zote. Swali hilo ndilo linaloharibu kazi. Gundi yenye nguvu kuliko zote ikitiwa mahali pasipo pake inaweza kukipasua kioo, au ikaishika fremu kiasi kwamba siku ya kuifungua inatoka na kipande cha sitaha.

Gundi huchaguliwa kwa mambo matatu: mshono upi unaovuja, vitu gani viwili vinakutana kwenye mshono huo, na kama utataka kuufungua tena siku za mbele. Ukishayajua hayo matatu, uchaguzi wenyewe ni mwepesi. Mwongozo huu unahusu kifuniko cha alumini na akriliki kwenye sitaha ya faiba, maana ndicho kinachosumbua wengi. Vifuniko vya mbao na vile vya plastiki vya duara nitavigusa kwa kifupi.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanapoingilia

Maji yana njia tatu kubwa. Ya kwanza ni chini ya fremu, pale alumini inapokalia faiba, pamoja na matundu ya skrubu. Ya pili ni kati ya kioo na fremu yake. Ya tatu ni raba inayobanwa kifuniko kinapofungwa. Ipo ya nne, ndogo: vishikio vinavyopenya kioo. Hivyo vina raba nyembamba za duara ndani yake, nazo hubadilishwa tu. Usizipake gundi yoyote.

Usiamini mahali tone linapodondokea. Maji yakipita chini ya fremu hutambaa juu ya dari ya ndani na kutokeza mbali kabisa na yalikoingilia, wakati mwingine juu ya godoro upande wa pili. Kwa hiyo bandua kwanza pambo la ndani linaloficha ukingo wa tundu, ukaushe kila kitu, kisha pachika vipande vya tishu kuzunguka ukingo wote. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine awe nje na mpira wa maji, maji yatoke polepole bila kurushwa kwa nguvu.

Anzia chini. Mwagia mshono wa fremu na sitaha peke yake kwa dakika tano hadi kumi, kioo kikiwa kikavu. Tishu zikibaki kavu, panda kwenye mshono wa kioo. Raba iwe ya mwisho. Ukianzia juu, maji yatashuka na kulowesha mishono yote kwa pamoja, nawe hutajua mkosaji ni nani.

Raba ina kipimo chake chepesi. Paka chaki kwenye ukingo wa fremu unaokutana na raba, funga kifuniko na kukikaza kama kawaida, kisha fungua. Mstari wa chaki ulioachwa kwenye raba unatakiwa uzunguke pande zote nne bila kukatika. Ulipokatika, hapo hapabani. Ukikosa chaki, funga kifuniko juu ya ukanda wa karatasi na uuvute. Unapochomoka bila kukwama, raba imelala.

Kabla ya kuondoka hapo, gonga sitaha kuzunguka fremu kwa sarafu au mpini wa bisibisi. Sitaha nyingi za faiba zina kiini cha mbao nyepesi ya balsa au plaiwudi katikati ya tabaka mbili. Palipo pazima hutoa mlio mkavu, mkali. Palipokunywa maji hulia mnene na kufifia. Ukisikia mlio huo, gundi peke yake haitakusaidia, na nitaeleza la kufanya kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Zijue gundi zenyewe

Madukani kwetu kila kinachotoka kwenye tyubu huitwa silikoni. Matokeo yake fundi hutumwa "silikoni" akarudi na ile ya kuzibia sinki la bafuni. Mezani kuna jamaa tano tofauti kabisa, na tofauti zao si za bei wala za rangi.

Poliurethani, ambayo kwenye tyubu mara nyingi huandikwa PU, ndiyo inayoshika kwa nguvu zaidi. Humo zimo Sikaflex-291i, 3M 4200 na 3M 5200. Inashika faiba, chuma, alumini na mbao vizuri sana na inavutika bila kukatika. Lakini ina mambo mawili ya kuyaangalia. La kwanza, haielewani na akriliki wala polikaboneti, plastiki nyingine angavu kama kioo. Viyeyushi na vilainishi vilivyomo huingia kwenye plastiki hizo, na baada ya muda kioo hutoka nyufa nyembamba kuanzia ukingoni. Zipo poliurethani zilizotengenezwa mahsusi kwa vioo vya plastiki, kama Sikaflex-295 UV, lakini hizo zinadai praima yake na utaratibu wake, na ukiruka hatua moja kazi yote imekwenda. La pili ni nguvu zenyewe. 3M 5200 imekusudiwa viungo vya kudumu, visivyotarajiwa kufunguliwa. Ni nzuri kwa kiungo cha mwili wa boti na sitaha, si kwa fremu ambayo miaka kumi ijayo utataka kuitoa. Kwa fremu ya kifuniko, 4200 au 291i zinatosha na zinabaki.

Silikoni zenyewe ziko mbili, na kuzitofautisha hutumii macho, unatumia pua. Ile inayonukia siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo hula alumini. Usiitie kwenye fremu hata kama umepewa bure. Unayoitaka imeandikwa "neutral" kwenye tyubu na haina harufu ya siki. Kati ya hizo, zile za kubebea vioo vya majengo, kama Dow 795, zimekuwa chaguo la mafundi wengi wa boti kwa ajili ya vioo vya akriliki. Inavumilia mshono kutanuka au kujikunja hadi asilimia 50 ya upana wake, jua haliisumbui, na haiidhuru akriliki.

Kasoro ya silikoni huja baadaye. Inapokuwa imewahi kukaa, huacha utando usioonekana, na juu ya utando huo rangi haishiki, jelkoti (ile ngozi ya nje ing'aayo ya faiba) haishiki, poliurethani haishiki, hata silikoni mpya hushika kwa shida. Ndiyo maana naisihi kila mwenye boti: silikoni ibaki kwenye kioo na fremu yake, isiguse sitaha.

Polisulfaidi ni ya zamani na bado ni bora kwa mbao. BoatLIFE Life-Calk ni mojawapo. Inavumilia petroli na dizeli kuliko nyingine, inaweza kupigwa msasa na kupakwa rangi. Inachelewa kukauka, na kwa plastiki ni adui: akriliki, polikaboneti, na plastiki ngumu za ABS na PVC zote huharibika nayo.

Ya nne ni jamaa ya polieta na MS polima, ambazo ni mpya kuliko hizo. 3M 4000 UV ni ya huku. Hazina kemikali za isosianeti zilizomo kwenye poliurethani, zinavumilia jua vizuri, zinashika alumini na faiba, na nguvu yake ni ya wastani kiasi kwamba fremu inaweza kutolewa bila vita. Nyingi zinakubaliana na plastiki, lakini si zote. Soma tyubu, pale ilipoandikwa kwamba isitumike kwenye akriliki, usijadiliane nayo.

Ya mwisho si ya tyubu kabisa. Ni tepu ya butili, ukanda laini unaouzwa kwa mizingo, unaonata na kuvutika kama bablishi. Haikauki milele. Ukibana fremu juu yake inajisambaza, inajaza kila tundu, na inabaki laini kwa miaka mingi ikifuata mwendo wa boti. Haishiki kama gundi, kwa hiyo inahitaji skrubu za kuibana, na petroli huiyeyusha. Lakini haina haraka, haichafui mikono kwa wiki nzima, na siku ya kufungua fremu inakubali.

Hatua ya 3: Oanisha gundi na mshono

Mshono wa fremu na sitaha ukiwa ndio unaovuja, na sitaha ni bapa, mimi huchagua butili kabla ya kitu kingine. Fremu imefungwa kwa skrubu kila upande, kwa hiyo nguvu ya kushika si kazi ya gundi. Kazi yake ni kuzuia maji tu, na hilo butili inalifanya vizuri. Kama sitaha ina mawimbi madogo, au mshono utaonekana nje na unataka ukingo safi, tumia MS polima au polieta. Poliurethani ya wastani ni ya tatu. 5200 iache dukani.

Hapa iko tofauti moja. Kwenye boti za uvuvi na za abiria, kifuniko wakati mwingine kiko juu ya tangi la petroli au mahali madumu yanapowekwa. Butili haifai hapo, wala silikoni. Kama hakuna plastiki kwenye mshono huo, weka polisulfaidi.

Mshono wa kioo na fremu ni habari nyingine kabisa, na ndio unaostahili muda wako mwingi. Akriliki hutanuka kwa joto mara tatu hivi ya alumini. Chukua kioo cha upana wa milimita 500. Alfajiri kiko kwenye nyuzi joto 25, saa saba mchana juani kimevuka 55. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 30 kioo kinaongezeka milimita 1 hivi, na fremu inaongezeka kama theluthi ya milimita tu. Jioni vyote vinarudi. Mwendo huo hutokea kila siku ya mwaka, na ukanda wa gundi ulio kati yao ndio unaoubeba. Ukanda ukiwa mwembamba, tuseme nusu milimita, unaombwa uvutike kupita uwezo wake na utang'oka upande mmoja. Ukiwa na unene wa milimita 3 hadi 5, mwendo uleule ni mdogo kwake. Hivyo hapa unene wa gundi una uzito sawa na jina lake. Tumia silikoni ya "neutral" ya kubebea vioo. Watengenezaji wa vifuniko kama Lewmar hutoa maelekezo yao ya kubadili kioo kwa kila aina. Ukiyapata, yafuate hayo kabla ya haya yangu.

Na tazama kioo chenyewe. Kama kimejaa nyufa nyembamba ambazo huonekana jua likipiga kwa ubavu, usikizibe tena. Agiza kipande kipya cha akriliki ya kumiminwa, si ile ya kusukumwa kwa mashine, chenye unene uleule, ambao mara nyingi ni milimita 10 au 12. Hicho ni kitu kinachokanyagwa na kupigwa na mawimbi. Kioo cha zamani ndicho kiolezo chako, kwa hiyo usikitupe kabla kipya hakijakatwa.

Raba ikiwa ndiyo yenye tatizo, hakuna gundi ya kuchagua. Nimeona vifuniko vingi ambavyo mtu amemwaga silikoni juu ya raba iliyolala ili apate unene. Kinaziba kwa mwezi mmoja, kisha kinavuja zaidi, na fremu imeshachafuka. Ng'oa raba ya zamani, pima umbo lake kwa kipande na si kwa picha, ununue inayofanana nayo. Ikate ndefu kidogo ili iingie kwa kusukumwa bila kuvutwa, maana raba iliyovutwa hurudi nyuma ikaacha pengo pembeni. Maungio yake yakae upande wa bawaba.

Vifuniko vya duara vya plastiki, vile vya kukagulia ngama na matangi, vingi ni vya ABS. Kwa hivyo MS polima inayokubali plastiki ndiyo salama, polisulfaidi itavivunja. Kifuniko cha mbao ya msaji juu ya plaiwudi au faiba ni mahali pa polisulfaidi, pamoja na praima yake kwa sababu msaji una mafuta. Na kama chombo chako ni jahazi la mbao zenye kalafati (pamba inayoshindiliwa kwenye mishono), usichomeke gundi za tyubu kwenye mishono ya sitaha bila kumshirikisha fundi wa kalafati. Mbao zile huvimba na kusinyaa sana, na gundi ngumu kwenye mshono wa pamba huusukuma ubao.

Hatua ya 4: Nunua kwa tarehe, si kwa jina

Tyubu iliyofungwa ina umri, mara nyingi kama mwaka mmoja, na umri huo umehesabiwa kwa ghala lenye ubaridi. Duka la bati la pwani si ghala hilo. Angalia tarehe ya mwisho iliyochapwa chini au kwenye mkunjo wa tyubu. Ibonyeze pande zote: iwe laini sawasawa. Ukihisi donge au ugumu karibu na mdomo, unyevu umeshaingia na imeanza kuiva humo humo. Tyubu iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana usiinunue hata ikiwa tarehe bado.

Kiasi ni rahisi kukadiria. Fremu ya milimita 500 kwa 500 ina mzunguko wa mita 2. Ukitandika gundi upana wa milimita 25 na unene wa 2 chini yake, unatumia mililita 100. Kioo chenye pengo la milimita 5, kina cha 12, pamoja na kitako cha gundi cha milimita 10 kwa 3, kinakula mililita 180 hivi. Tyubu moja ya mililita 300 inatosha kila kazi peke yake, na nashauri usijaribu kubana zote mbili kwenye tyubu moja hata kama hesabu inakubali. Gundi ikiisha ukiwa pembe ya tatu, utakuwa na maungio ya baridi, yaani gundi mbichi juu ya iliyokwisha kuanza kuiva, mahali pabaya.

Hatua ya 5: Toa ya zamani yote

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani, iwe ya jamaa gani.

Toa skrubu zote, kisha usiingize bisibisi chini ya fremu ukaibenua. Alumini ya fremu hupinda kwa urahisi, na fremu iliyopinda haitakaa bapa tena. Kifuniko kitavuja kwenye raba kila siku hata uweke gundi ya dhahabu. Tumia mshipi wa kuvulia wa nyuzi zilizosukwa: ufunge kwenye vijiti viwili, upitishe chini ya pembe moja na uuvute kulia na kushoto kama msumeno. Ukikuta poliurethani ngumu, ipashe kwa mashine ya hewa ya moto kwa kiasi, huku mkono ukihakikisha faiba haiungui. Kabari za mbao laini zifuate nyuma ya mshipi. Ni kazi ya subira ya asubuhi nzima.

Kwangua mabaki kwa skrepa ya plastiki kwanza. Kama iliyokuwepo ni silikoni, asetoni haitaiyeyusha. Inauhamisha utando tu. Kwangua, pangusa kwa dawa ya kutolea silikoni, badilisha kitambaa kila mpanguso, na hapo tu ndipo upige msasa. Ukitanguliza msasa unaisugulia silikoni ndani ya mikwaruzo. Ukidhani umemaliza, nyunyiza maji safi. Yakitanda sawasawa, pako safi. Yakijikusanya matone matone, utando bado upo.

Kwenye faiba na alumini, malizia kwa asetoni. Kwenye akriliki asetoni ni mwiko, na vilevile dawa za vioo zenye amonia: zote hutoa nyufa. Tumia maji ya sabuni, kisha alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa, na uache ikauke kabisa. Ukingo utakaoshikwa na gundi upige msasa wa 180 au 220 ili uwe na mikwaruzo ya kushikia.

Kama kiini cha sitaha kimekunywa maji kuzunguka matundu ya skrubu, kikwangue mpaka ufikie palipo pakavu na pazima, ukiache kikauke, ujaze epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) iliyokolezwa na unga wake, kisha utoboe upya matundu katikati ya epoksi hiyo. Hata sitaha nzima isiyo na ubovu inafaidika na jambo hili. Tundu likiwa limezungukwa na epoksi, siku gundi itakapochoka maji hayatafika kwenye balsa.

Mwisho weka fremu kavu mahali pake bila skrubu na uitazame kwa usawa wa jicho. Ikitikisika au ukiona mwanga chini yake kwenye pengo la zaidi ya milimita 3, usitegemee skrubu kuivuta chini. Itajipinda. Tandaza epoksi nzito kwenye sitaha, weka karatasi ya nailoni juu yake, laza fremu bila kuikaza mpaka igande, nawe utapata kitako kinacholingana nayo.

Hatua ya 6: Tandika

Chagua siku kavu ya kaskazi ikiwezekana, na kazi iishe kabla ya masika. Anza asubuhi sitaha ikiwa bado ya baridi. Gundi hizi za tyubu, isipokuwa baadhi ya polisulfaidi za kuchanganya, huiva kwa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Maana yake ngozi ya juu hujifanya upesi kuliko saa zilizoandikwa kwenye tyubu, ambazo zimepimwa kwa nyuzi 23. Kila kifaa kiwe tayari kabla hujakata mdomo. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za mshono, vaa glavu, na kwa poliurethani hakikisha hewa inapita. Mwenye pumu ampe mwenziwe kazi hiyo.

Kwa butili, vingirisha ukanda mzima kuzunguka upande wa chini wa fremu bila kuuvuta, na uzungushe kipande kidogo chenye umbo la pia chini ya kichwa cha kila skrubu. Kaza kwa kuvuka, pembe hadi pembe, kidogo kidogo. Butili hutoka taratibu. Rudi kesho ukaze tena, na keshokutwa, kisha ukate iliyotokeza kwa kisu cha plastiki. Ukikaza yote kwa siku moja fremu ndiyo itakayojipinda.

Kwa gundi ya tyubu, mimina mstari mmoja usiokatika, na uzunguke kila tundu la skrubu kwa upande wa ndani na wa nje. Laza fremu, kaza mpaka gundi ichungulie pande zote, na usimame hapo. Kosa kubwa ninaloliona kwenye boti zetu ni kukaza mpaka gundi yote itoke. Kinachobaki ni utando usioweza kunyumbuka. Pete bapa ndogo za plastiki (washa) za milimita 2 zikiwekwa chini ya fremu karibu na skrubu zitaulinda unene huo. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zinapopita kwenye alumini zipakwe Duralac, uji wa kutenganisha metali mbili, au kitu cha namna yake, la sivyo bahari itazigandisha humo.

Kwa kioo, weka vipande vya raba vya milimita 3 kwenye kitako cha fremu ili kioo kisikae moja kwa moja juu ya chuma, na vingine pembeni ili pengo liwe sawa pande zote. Mimina silikoni kwenye kitako, laza kioo, kibonyeze kwa kiganja mpaka kigote raba, kisha jaza pengo la pembeni ukianzia ndani kwenda nje ili hewa isibaki. Sawazisha kwa kijiti kilicholoweshwa maji ya sabuni, kupita mara moja tu. Ng'oa tepu wakati gundi ingali mbichi.

Onyo moja la kemia ambalo wengi hawaambiwi: poliurethani ambayo haijaiva usiipanguse kwa alkoholi. Alkoholi huikatiza isiive, na mshono unabaki unata miezi. Vivyo hivyo usiweke poliurethani mbichi kando ya silikoni mbichi. Kama unabadili kioo na fremu kwa pamoja, maliza kioo ukiwa mezani, kiive, ndipo ufunge fremu kwenye sitaha.

Hatua ya 7: Subiri, halafu pima tena

Gundi za tyubu huiva kutoka juu kwenda ndani, milimita 2 hadi 4 hivi kwa siku. Mshono wenye kina cha milimita 12 unaweza kuonekana mkavu jioni ileile huku tumboni ukiwa bado uji. Usifungue wala kusogeza kifuniko kwa saa 24 za kwanza. 3M 5200 ya kawaida inahitaji siku 5 hadi 7. Silikoni ya vioo ipe wiki mbili hadi tatu kabla ya mtu kusimama juu yake au boti kutoka nje ya mwamba. Kama mvua inatishia, funika kwa turubai lililoinuliwa, lisilogusa mshono.

Ikishaiva, rudia kipimo cha mpira wa maji kama mwanzo, chini kwenda juu, tishu zikiwa mahali pake. Tone likitokea tena na mshono uliouziba ni mkavu, tazama skrubu moja moja kutoka ndani. Mara nyingi ni tundu moja lililokosa gundi, nalo linatibika kwa kutoa skrubu hiyo peke yake, kukausha, kutia gundi ileile na kuirudisha. Kisha andika kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa fremu, chini ya pambo, jina la gundi na mwaka uliotumia, ili atakayeifungua ajue ni asetoni, kisu au mshipi atakaohitaji.